Ulimi Kama Mwalimu: Ladha, Mitishamba na Msamiati wa Kiswahili katika Eneo la Eliye Springs, Turkana

IKISIRI

Makala haya yanachunguza namna ladha inavyotumika kama njia ya kujifunza sifa za tiba za mimea, kwa kuzingatia mimea ya eneo la Eliye Springs, Lodwar na Kakuma katika Kaunti ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Hoja kuu ni kwamba ulimi hutoa habari za kweli kuhusu aina ya kemikali iliyomo katika mmea na nguvu zake, lakini hautoi hukumu kuhusu ugonjwa unaotibika. Kwa hiyo elimu ya ladha hukamilika tu inapoandamana na jina la mmea, sehemu yake, kipimo chake, na maneno yanayoweza kuieleza ladha yenyewe bila utata. Makala yanaonyesha kwamba Kiswahili kinayo maneno hayo, na kwamba kuyaacha yafifie ni kuyaweka hatarini maarifa na, mara nyingine, maisha.

1.0 Utangulizi

Eliye Springs iko kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, zaidi ya kilomita 50 kutoka mji wa Lodwar ulio makao makuu ya Kaunti ya Turkana. Hapo, kati ya mchanga na mikoma, maji ya chemchemi hububujika kutoka ardhini na kutiririka kuelekea ziwani. Mtu akikinga maji ya chemchemi kwa kiganja, kisha akashuka hadi ukingoni na kuonja maji ya ziwa, hahitaji maabara ili ajue kwamba haya si maji ya aina moja. Ya kwanza ni maji matamu, si kwa kuwa yana sukari bali kwa kuwa hayana chumvi. Ya pili yana ladha ya magadi, kwa sababu ziwa hilo halina mto wowote utokao, na chumvi zinazoletwa na mito hubaki humo huku maji yakigeuka mvuke.

Ulimi, basi, umefundisha jambo la kweli. Hata hivyo, kuna jambo jingine ambalo haukulisema. Maji ya Ziwa Turkana yana floridi nyingi, na wanaoyanywa kwa miaka mingi huweza kudhurika meno na mifupa. Floridi hiyo haionjeki. Ulimi uliotambua magadi mara moja umeipita floridi bila kuisikia.

Mambo haya mawili, yaani lile ambalo ulimi hulitambua na lile usilolitambua, ndiyo msingi wa makala haya. Swali linaloulizwa ni hili: mtu anapojifunza mitishamba kwa kuionja, anajifunza nini hasa? Na je, lugha ina nafasi gani katika elimu hiyo?

Swali hili si geni. Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, aliziainisha dawa za mimea kwa kuzingatia ladha zake. Ibn Sina (980–1037), katika juzuu ya pili ya kitabu chake Al-Qanun fi al-Tibb, aliihesabu ladha kuwa miongoni mwa dalili za tabia ya dawa. Tiba ya jadi ya Kihindi hutambua ladha sita, na ile ya Kichina hutambua ladha tano. Katika nyakati za karibu, mtafiti Timothy Johns, aliyewahi kushirikiana na mwanabotania Mkenya J. O. Kokwaro kuchunguza mitishamba ya Wajaluo wa Siaya, alichapisha mwaka 1990 kitabu kizima kuhusu nafasi ya mimea michungu katika asili ya chakula na dawa za binadamu. Kuhusu Turkana kwenyewe, W. T. W. Morgan alichapisha mwaka 1981 utafiti wa mimea inayotumiwa na Waturkana na mifugo yao. Kwa hiyo msingi wa kitaaluma upo. Kinachokosekana mara nyingi ni mjadala wa suala hili kwa Kiswahili na kuhusu Kiswahili.

2.0 Kinachotendeka Kinywani

Kabla ya kuitazama mimea, ni vyema kufafanua ladha ni nini. Sayansi hutambua ladha tano za msingi: utamu, uchungu, uchachu, chumvi, na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama au samaki ambayo Wajapani huiita umami. Hisia nyingine zinazosikika kinywani, kama vile ukali wa pilipili, ukakasi wa ndizi mbichi na ganzi ya karafuu, kwa kweli ni hisia za mguso na maumivu zinazopitia neva nyingine. Mwanafunzi wa mitishamba huzihitaji zote, ziwe ni ladha kwa maana finyu au la.

Uchungu una nafasi ya pekee. Binadamu ana vipokezi vipatavyo 25 vya uchungu, ilhali kwa utamu hutegemea hasa kipokezi kimoja. Sababu yake inaeleweka. Mimea haiwezi kukimbia adui, hivyo hujilinda kwa sumu, na sumu hizo ni za aina nyingi. Mwili umejijengea walinzi wengi kwa ajili ya maadui wengi. Lakini kile kinachomdhuru mdudu au mnyooka kwa kiasi kidogo ndicho kinachoweza kumponya mtu mwenye minyoo. Hapo ndipo dawa na sumu hukutana, na ndiyo maana mlango wa zote mbili huwa na ladha moja.

Aidha, kuna kosa linalopaswa kusahihishwa. Vitabu vingi vya shule vimewahi kuonyesha ramani ya ulimi, eti ncha huonja utamu, pande huonja uchachu na chumvi, na nyuma huonja uchungu. Ramani hiyo si sahihi. Ilitokana na kufasiriwa vibaya kwa utafiti wa Mjerumani aitwaye Hänig wa mwaka 1901. Sehemu zote za ulimi zenye vionjio huweza kutambua ladha zote.

Jambo la tatu ni tofauti baina ya watu. Mwaka 1931 mwanakemia Mmarekani Arthur Fox aligundua kwamba unga fulani uliomwagika maabarani ulikuwa mchungu mno kwa mwenzake, ilhali yeye hakusikia chochote. Baadaye ilibainika kwamba tofauti hiyo hurithiwa. Kwa mitishamba, funzo lake ni wazi: ulimi mmoja hautoshi kuwa shahidi. Elimu ya ladha inayostahili kuaminiwa ni ile iliyothibitishwa na vinywa vingi, kizazi baada ya kizazi.

3.0 Ladha na Mimea ya Turkana

Katika jamii ya Waturkana, emuron, ambaye wingi wake ni ngimurok, ni mwaguzi na kiongozi wa mambo ya kiroho. Hata hivyo, ujuzi wa mimea si mali yake peke yake. Wachungaji, akina mama na wazee huwa na sehemu yao. Mtoto anayechunga mbuzi hupita kila siku katika miti ambayo matunda yake huliwa, utomvu wake hutafunwa na vijiti vyake husafisha meno. Sehemu hii inaitazama baadhi ya mimea hiyo kwa kufuata ladha zake.

3.1 Uchungu na utelezi

Mfano ulio bora zaidi ni mshubiri, ambao Waturkana huuita echuchuka. Nchi ya Turkana ina aina kadhaa za mshubiri, mmojawapo ukiitwa kisayansi Aloe turkanensis. Jani la mshubiri likikatwa, hutoka kwanza majimaji ya manjano yaliyo chini tu ya ganda. Haya ndiyo shubiri yenyewe, uchungu usiosahaulika. Ndani zaidi kuna ute mweupe angavu, ulio chapwa na wenye utelezi.

Jani ni moja, lakini ladha ni mbili na dawa ni mbili. Majimaji ya manjano yana kemikali za jamii ya anthrakwinoni ambazo huuchochea utumbo mpana na kuharisha. Ute wa ndani hupakwa juu ya ngozi iliyoungua au kukauka. Mtu asiyetofautisha uchungu na utelezi, akaambiwa tu kwamba “mshubiri ni dawa”, anaweza kumnywesha mgonjwa wa kuhara kitu kitakachozidisha kuhara kwake. Hapa ulimi ni mwalimu wa kuaminika kuliko jina la mmea.

Mchungu mwingine ni mwarobaini, mti uliotoka Asia ya Kusini na ambao leo huwapa watu kivuli katika mitaa ya Lodwar na Kakuma. Jina lake la Kiswahili linadai kwamba hutibu magonjwa arobaini. Uchungu wake hutokana na kemikali za jamii ya limonoidi, ambazo baadhi yake huwazuia wadudu kula na kukua. Hata hivyo, mafuta ya mbegu zake yameripotiwa kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa.

3.2 Ukakasi

Mgunga, au ewoi kwa Kiturkana, ni mti wa kivuli na wa malisho. Maganda ya mbegu zake hulishwa mbuzi, na magome yake yana ukakasi. Ukakasi hutokana na tanini. Tanini hushikamana na protini za mate, mate hupoteza ulaini wake, na kinywa huhisi kukauka na kukunjamana. Kitendo hicho hicho ndicho kinachoigeuza ngozi mbichi ya mnyama kuwa ngozi iliyotengenezwa, na ndicho kinachoeleza kwa nini jamii nyingi za Afrika Mashariki hutumia magome yenye ukakasi kwa kuhara na kwa vidonda. Katika ladha zote, ukakasi ndio unaoonyesha kazi yake waziwazi: kinachotendeka kinywani kinafanana na kinachotarajiwa tumboni au kidondani.

3.3 Ugwadu

Kando ya mito ya msimu na ya kudumu, kama Turkwel unaopita Lodwar, humea mkwaju, yaani epeduru. Ugwadu wa ukwaju hutoka hasa kwa asidi ya tartariki. Kinywaji chake huamsha mate, hukata kiu na hulainisha choo. Msomaji wa pwani atatambua kwamba matumizi hayo hayana tofauti kubwa na yale ya Lamu au Unguja. Ladha ile ile imewafundisha watu wa mbali somo lile lile.

3.4 Ukali na ganzi

Mti ambao Waturkana huuita esekon unajulikana kwa Kiswahili kama mswaki, na jina hilo ndilo lililopewa hata kile kifaa cha plastiki cha dukani. Kijiti chake kikitafunwa kikiwa kibichi huwa na ukali mwepesi unaopanda puani. Ukali huo hutoka kwa kemikali iliyo ya ukoo mmoja na zile zinazoipa haradali ukali wake, na majaribio ya maabara yameonyesha kwamba huathiri bakteria wa kinywa. Kijiti kilichokauka na kupoteza ukali bado husugua, lakini sehemu ya dawa imepungua. Mtumiaji hujua wakati wa kukata ncha mpya kwa ulimi wake.

Mjafari, uitwao eusugu kwa Kiturkana, huenda mbali zaidi. Magome yake huwasha, kisha hutia ganzi midomo na ulimi. Si ajabu kwamba mimea ya jenasi hiyo, Zanthoxylum, hutafunwa kwa maumivu ya jino katika mabara zaidi ya moja. Hapa tena kinywa kinahisi kazi ya dawa papo hapo.

3.5 Utamu uliochanganyika

Tunda la mkoma, au eng'ol, ambalo hupatikana kwa wingi Eliye Springs, ni tamu na ni chakula. Tunda la mjunju, mti ambao kisayansi ni Balanites aegyptiaca, ni mfano wa kuangaliwa kwa makini. Nyama yake ni tamu, lakini nyuma ya utamu huo hufuata uchungu, na likisuguliwa majini hutoa povu. Povu na uchungu huo ni dalili ya saponini. Mwaka 1933 R. G. Archibald alieleza, kutokana na kazi yake nchini Sudan, namna matunda hayo yanavyoweza kutumiwa kuwaua konokono wanaoeneza kichocho. Ladha inayobadilika kinywani, kutoka utamu hadi uchungu, ni habari mbili wala si moja, na mwonjaji anayetema mapema mno huipata ya kwanza tu.

4.0 Vitenzi vya Kinywa

Ikiwa ladha ni somo, basi kuonja ni mbinu, na Kiswahili huitenganisha mbinu hiyo kwa vitenzi. Kuramba ni kugusa kwa ulimi. Kumung'unya ni kukiacha kitu kiyeyuke kinywani bila kukitafuna. Kutafuna ni kuivunja nyuzinyuzi ili maji yake yatoke. Kufyonza ni kuyavuta maji hayo. Kusukutua ni kuyazungusha kinywani. Kutema ni kuyatoa, na kumeza ni kuyapeleka tumboni. Kila kitenzi kina kiwango chake cha hatari. Anayeramba na kutema hachukui hatari ya anayetafuna na kumeza.

Mpangilio huu hauwahusu binadamu pekee. Mnamo Novemba 1987, katika milima ya Mahale magharibi mwa Tanzania, Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe jike aliyeonekana mgonjwa akikata chipukizi za kichaka kichungu ambacho wanasayansi wamekiita Vernonia amygdalina. Alimenya ganda, akatupa majani, akatafuna kiini na kufyonza maji yake machungu, kisha akazitema nyuzi. Kufikia siku iliyofuata hali yake ilikuwa imeimarika. Kalunde, aliyelelewa katika maarifa ya Watongwe, aliutambua mmea huo mara moja kuwa ni mjonso, dawa ya tumbo na homa kwao. Uchunguzi wa kemia uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba majani na ganda vina sumu nyingi kuliko kiini. Sokwe huyo hakuchagua mmea tu. Alichagua sehemu yake, kiasi chake na namna ya kuula.

Huko Karamoja, nchini Uganda, kwa majirani wa Waturkana walio wa ukoo mmoja nao kilugha, watafiti walichapisha mwaka 2009 ushahidi kwamba mifugo nayo huonekana kutafuta mimea fulani inapougua, na kwamba wafugaji huitazama na kujifunza. Kwa hiyo mchungaji ana walimu wawili: ulimi wake na mbuzi wake. Lakini naye anajua kwamba mbuzi hula vitu vingi ambavyo mtu hawezi kuvila.

5.0 Pale Ulimi Usipotosha

Baada ya kuona nguvu za ulimi, ni lazima kuitazama mipaka yake. Ipo minne.

Kwanza, ladha haitaji ugonjwa. Katika Afrika Mashariki imezoeleka kudhani kwamba kila kilicho kichungu hutibu malaria. Dhana hiyo ina chanzo chake: kwinini ni chungu, klorokwini ilikuwa chungu, na mwarobaini ni mchungu. Hata hivyo, historia ya klorokwini inaipinga. Mwaka 1998 Kenya iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria kwa sababu vimelea vilikuwa vimekuwa sugu. Uchungu wa vidonge haukupungua hata chembe. Kilichopungua ni uponyaji. Mgonjwa mwenye homa katika Kakuma anayetafuna majani machungu na kujiona amekwisha jitibu anapoteza siku ambazo zingemfikisha kwenye kipimo na dawa iliyothibitishwa. Kwa mtoto mdogo, siku hizo ni uhai.

Pili, si kila sumu huonya. Floridi ya ziwani imekwisha tajwa. Na zile zinazoonya huweza kudhuru wakati huo huo. Kandokando ya Lodwar huonekana kichaka chenye majani mapana ya kijivujivu na utomvu mweupe kama maziwa, Calotropis procera kwa jina la kisayansi. Utomvu wake huumiza macho na kinywa, na una kemikali zinazoathiri moyo. Mmea wa namna hiyo haufundishwi kwa kuonjwa bali kwa kuonyeshwa na kukatazwa. Kanuni ya jumla ni kwamba anayejifunza haonji mmea asioujua jina. Huonja kile ambacho mjuzi aliye mbele yake amekwisha kukitaja na kukionja.

Tatu, kipimo hakionjeki kwa urahisi. Shubiri ya kiasi hulainisha choo, na ikizidi huleta maumivu makali ya tumbo. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za kuharisha zenye shubiri ziondolewe katika orodha ya zile zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa usalama wake haukuwa umethibitishwa.

Nne, uchungu ni kipimo cha kupungua kwa hatari tu pale utaratibu wote unapofuatwa. Matunda ya edung, ambao ni mti wa Boscia coriacea, ni chakula cha Waturkana wakati wa njaa. Hayaliwi yakiwa mabichi. Huchemshwa kwa muda mrefu na maji yake hubadilishwa mara kadhaa ili uchungu utoke. Wakimbizi na wahamiaji waliofika Kakuma kutoka Kongo wana somo lililo sawa na hilo katika muhogo mchungu. Utafiti uliofanywa Malawi na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba uchungu wa muhogo hulingana na kiasi cha kemikali inayotoa sianidi, na kwamba wakulima wanawake walikuwa wakiujua ukweli huo kwa ulimi. Muhogo usiporowekwa na kuanikwa ipasavyo, hasa wakati wa ukame, huweza kuleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ambao umewahi kuripotiwa Kongo, Msumbiji na Tanzania.

Mambo haya si ya nadharia tu. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika Pembe ya Afrika, na Turkana ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia. Katika nyakati kama hizo matunda ya nyikani hurudi chunguni. Kijana aliyekulia mjini, ambaye hakuwahi kufundishwa mara ngapi maji ya edung humwagwa, ana njaa ile ile ya babu yake bila kuwa na elimu yake.

6.0 Msamiati wa Ladha Unavyobeba Elimu

Kutokana na yaliyosemwa, ni dhahiri kwamba elimu ya ladha haipokezwi kwa ulimi wa mwili pekee, bali pia kwa ulimi wa lugha. Mwalimu humwambia mwanafunzi asubiri kusikia nini. Asipokuwa na neno, hawezi kumwelekeza.

Kiswahili kina hazina ya kutosha katika uwanja huu. Mbali na utamu na uchungu, kina uchachu kwa kilichochacha, ugwadu kwa ukwaju na embe bichi, ukakasi kwa ndizi mbichi na magome, ukali kwa pilipili na tangawizi, ganzi kwa kinachofisha hisia, utelezi kwa ute, na chapwa au dufu kwa kisicho na ladha. Kila neno katika haya, kama ilivyoonekana, linaelekea kulingana na kundi fulani la kemikali: ugwadu na asidi, ukakasi na tanini, utelezi na ute wa mimea. Wasemaji wa kale hawakuwa na maabara, lakini walitenganisha vilivyostahili kutenganishwa.

Historia ya maneno nayo ina funzo. Shubiri na subira yote yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye konsonanti s, b na r, unaobeba maana ya mmea mchungu na ya uvumilivu. Neno uchungu lenyewe hubeba ladha na maumivu. Lugha imeiunganisha dawa na ustahimilivu kabla ya mwanafunzi kuanza kuuliza.

Hata hivyo, kuna tofauti ya kisarufi inayopaswa kuzingatiwa. Maneno -tamu, -chungu, -kali na -chachu ni vivumishi vinavyopokea viambishi vya upatanisho wa ngeli: mti mchungu, kijani kichungu, maji machungu. Ukakasi, ugwadu, ganzi na utelezi ni nomino, na huhitaji -enye au kitenzi: gome lenye ukakasi, magome yanayotia ganzi. Vivumishi ni vyepesi kutamka, na huwavuta wasemaji kuviweka mahali pa nomino. Ndizi mbichi huitwa “chungu”. Gome la mgunga huitwa “kali”. Mabadiliko hayo yanaweza kuonekana madogo, lakini kwa mitishamba yana uzito. Anayesema “gome chungu” kwa gome lenye ukakasi amelihamisha kutoka kundi la dawa za kufunga tumbo hadi kundi la shubiri inayolifungua.

Hali hii inahusu Turkana moja kwa moja. Tangu kambi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992, watu kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko wamekutana na Waturkana, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Kila jamii ilikuja na majina yake ya mimea. Mmea ule ule wa Mahale huitwa umubirizi na Warundi, omululuza na Waganda, na olusia na Wajaluo. Majina hayafanani, lakini ladha ni moja. Watu wawili wasioelewana kwa majina wanaweza kuelewana kwa maelezo, mradi Kiswahili wanachokitumia kiwe na maneno ya kutosha kuieleza ladha hiyo: inaanza vipi, inakaa muda gani, inakausha au inatia ganzi. Kikibaki na “tamu” na “chungu” tu, mazungumzo yatakomea hapo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ulimi ni mwalimu wa kweli mwenye somo lenye mipaka. Hufundisha aina na nguvu, wala haufundishi ugonjwa, usalama au kipimo. Ndiyo sababu mapokeo ya Waturkana, kama ya jamii nyingine za Afrika Mashariki, hayakuuacha ulimi peke yake. Yaliuandamanisha na mjuzi, jina la mmea, sehemu yake na utaratibu wa kuuandaa. Anayechukua ladha akaviacha vingine amechukua robo ya elimu, na robo hiyo huweza kuua.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuna kazi mahsusi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inazitambua jamii kuwa wenye haki juu ya maarifa yao. Kwa hiyo ukusanyaji wowote hauna budi kufanywa kwa ridhaa yao na kwa faida yao. Katika msingi huo, inafaa kutungwa faharasa ya ladha za mimea katika Kiturkana na Kiswahili, yenye safu za jina la mmea, sehemu inayoonjwa, ladha ya kwanza, ladha inayofuata, hisia inayobaki na onyo. Safu ya mwisho isiachwe wazi hata mara moja.

Kazi hiyo haihitaji vifaa vya gharama. Inahitaji mwanafunzi atakayeketi na mzee chini ya mgunga huko Eliye Springs au Lodwar, asikie neno analolitumia kwa Kiturkana, na kulitafutia neno lake halisi la Kiswahili badala ya kuandika “chungu” na kufunga daftari.